Sauti ya Mpange Dunguni

Ukiambiwa wafaa, uliza wafaa nini. Ndivyo shangazi yenu alivyomwambia Yusra mchana huu, aliporudi kutoka kwenye kikundi cha taarabu akirukaruka kwamba mwalimu amemsikiliza akiimba na kusema atafaa. Nyote mkacheka, Yusra akanuna, na sasa mmenizunguka mnataka kujua neno hilo limetoka wapi. Limetoka bondeni Rufiji, kwenye kijiji cha Lugongwe walikozaliwa wazee wangu, na aliyelizaa ni mtu mmoja jina lake Mpange. Nitawasimulia, lakini msinikatize, na asiyeweza kukaa bila kuchezea simu aende uani.

Chanzo chake basi ni hiki. Mpange alikuwa mkulima wa mpunga kama wenzake, mtu mpole, mwenye mke mmoja aitwaye Havijawa na watoto wadogo. Hakuwa mlevi wala mgomvi. Tamaa yake ilikuwa moja tu, nayo ni kuimba. Sisemi kuimba njiani, maana hilo kila mtu hulifanya. Alitaka kuingia uwanjani siku ya ngoma ya mavuno, aanzishe wimbo wake mwenyewe, na watu wamwitikie.

Hapo pana jambo mnalopaswa kulijua. Ngoma ya Lugongwe haikuwa ya kuingiliwa ovyo. Ilikuwa na manju wake, yaani kiongozi wa nyimbo, mwanamke mzito wa maneno aliyeitwa Bi Somoe, na yeye ndiye aliyemruhusu mtu kuingia. Ukishaingia unaanzisha. Watu wakikuitikia, umekuwa mtu mbele ya watu. Wasipokuitikia, desturi ilikutaka uumalize wimbo peke yako, beti zote, ngoma zikiwa zimenyamaza, kisha utoke na usiukanyage uwanja ule mpaka mavuno mengine. Walikuwapo waliohama kijiji kwa ajili ya hilo. Kwa hiyo Mpange alitaka kujua mapema kama sauti yake inafaa, na mimi simlaumu kwa kuuliza.

Sauti yenyewe ilikuwa kubwa. Hilo halikuwa na ubishi. Ilikuwa kubwa na yenye mikwaruzo, na kila ilipofika mahali pa kupanda ilikatika, ikahangaika huku na huku kama mbuzi aliyekosa mlango. Yeye hakuisikia hivyo. Nani kati yetu huisikia sauti yake kama wanavyoisikia wengine?

Alianza kwa mkewe, jioni moja walipokuwa wakila.

"Mama Chande," alimwambia, "nisikilize, kisha uniambie kweli. Sauti yangu inafaa?"

Akaimba. Havijawa alimtazama usoni, akaona jinsi macho yake yalivyokuwa yakingoja, akashindwa.

"Inafaa, baba Chande," alisema, akageukia chungu.

Moyoni alikuwa akiwaza kwamba inafaa kumwita mwenye mtumbwi aliye ng'ambo ya mto, na kwa kweli hapakuwa na mwanamume aliyemshinda mumewe kwa hilo. Kwa hiyo hakusema uongo. Lakini yale maneno mengine aliyameza pamoja na tonge lake, na Mpange akalala usingizi mzuri.

Wakati huo mpunga ulikuwa umetoa masuke na punje zilianza kuingia maziwa. Ninyi mnaokula wali wa kununua hamjui adha ya majira hayo. Kweleakwelea hushuka makundi kwa makundi, vindege vidogo tu, na shamba lisilo na mtu huisha lote. Ndiyo maana kila mwenye shamba alijenga dungu, ulingo wa miti mirefu, akashinda juu yake akigonga makopo na kupaza sauti ili ndege wasitue. Huko ndiko kuamia ndege, na ni kazi inayokausha koo na kuvunja mgongo.

Mpange alimwendea jirani yake, Ngwele, akamkuta shambani. Akasimama kwenye tuta, akaimba. Ngwele hakuwa akimtazama mwimbaji. Alikuwa akitazama nyuma yake, ambako kundi zima la ndege liliinuka kutoka kwenye mpunga, likapinda angani na kwenda zake. Mkono wa Ngwele ulikuwa umevimba kwa kurusha mawe na kombeo.

"Mpange bwana," alisema taratibu, "sauti hii inafaa. Tena inafaa mno."

"Unasema kweli?"

"Haki ya Mungu. Ila huku chini inazibwa na majani. Njoo kesho upande dunguni kwangu, upate pa kuitolea. Utafanya mazoezi, nasi tutakuwa tunakusikiliza."

Kesho yake Mpange alipanda dunguni kwa Ngwele, akaimba mpaka jua likageuka. Ngwele alijinyoosha chini kivulini akasinzia, na Mpange alipochungulia akadhani jirani yake amefumba macho kwa utamu. Habari haikukawia kuenea. Wenye mashamba wakaanza kumwomba, huyu leo, yule kesho, na kila aliyemwomba alisema neno lile lile: sauti yako inafaa. Walimpa uji, walimchomea kambale. Wanawake waliopita njiani walijiziba midomo kwa pindo za kanga, naye akaona wanamwonea haya, akazidi kuipaza.

Shamba lake mwenyewe alimwachia mkewe. Havijawa alikuwa na mtoto mgongoni na sauti ndogo, na akikimbilia upande huu ndege walishuka upande ule. Kila jioni mumewe alirudi akiwa na uso unaong'aa.

"Mama Chande, leo wameniomba tena. Mwaka huu naingia uwanjani."

Havijawa alifungua mdomo mara nyingi. Aliufunga mara hizo hizo. Aliona haya kumwambia, na kadiri siku zilivyopita ndivyo haya ilivyozidi, maana sasa angelazimika kumweleza pia kwa nini alinyamaza mwanzo. Mtu akichelewa kusema kweli, huwa hivyo. Kweli yenyewe inageuka deni.

Mavuno yalipokaribia, koo la Mpange lilianza kuuma. Asubuhi moja alifika kwa Ngwele, akasimama chini ya ngazi ya dungu bila kupanda.

"Jirani yangu," alisema, "leo naomba niimbe polepole. Ngoma imekaribia, nataka nilitunze koo."

Ngwele alikuwa akifunga mzigo wa kuni, na aliyejibu ni mdomo wake, yeye mwenyewe hakuwapo.

"Polepole? Sasa polepole ndege si watashuka?"

Mikono yake ikasimama kwenye kamba.

"Ndege gani?" aliuliza Mpange.

Ngwele hakuinua macho.

"Nakuuliza, Ngwele. Ndege gani?"

"Hawa ndege tu, bwana. Hawa wa mpunga."

"Kwa hiyo mlikuwa mnaniita kwa ajili ya ndege."

"Sasa ndugu yangu, wewe uliuliza kama sauti inafaa. Inafaa. Tazama shamba langu lilivyosimama."

Mpange alitazama. Shamba lilikuwa limesimama kweli, masuke yameinama kwa uzito. Yaliyofuata nyie yafikirini wenyewe. Alikumbuka uji. Alikumbuka kambale, na zile pindo za kanga, na jinsi alivyokuwa akirudia ubeti mmoja mara kwa mara kwa sababu alimwona mtu chini akitikisa kichwa. Jasho lilimtoka asubuhi ile ya baridi. Hakumtukana Ngwele. Angemtukana kwa lipi, na kwa sauti gani? Aligeuka akaondoka, akapita porini ili asikutane na mtu wa kusalimiana naye.

Alimkuta Havijawa shambani kwao akigonga kopo. Masuke yalikuwa yamesimama wima, matupu, ndege wameyanyonya yote isipokuwa ukingo mmoja wa karibu na dungu.

"Ulijua?" alimwuliza.

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia, mke wangu?"

Havijawa alianza kulia. "Uliniuliza ukiwa na furaha," alisema. "Niliona haya kukuvunja. Kisha nikaona haya kwamba niliona haya. Nisamehe, baba Chande."

Mpange akalichukua lile kopo mkononi mwa mkewe, akaligonga yeye. Hakutoa sauti. Tangu siku hiyo hadi mavuno, hata mtoto wake alipokuwa mbali hakumwita, alimfuata kwa miguu.

Mavuno yakaja. Lugongwe nzima ilikuwa haijapata mpunga kama ule, na nyumba iliyokosa ilikuwa moja. Watu walipopita mbele yake na mizigo yao walitazama upande wa pili. Wakamwendea Bi Somoe wakapanga jambo: siku ya ngoma amwite Mpange uwanjani, naye akiimba, hata akiimba vipi, wote wamwitikie kwa nguvu. Waliona hiyo ndiyo njia ya kumfuta machozi. Wallahi, watu wakiwa na aibu hutafuta njia yoyote isiyopitia kwenye neno lenyewe.

Ngoma ilianza baada ya sala ya alasiri. Mpange alikuja kwa sababu kutokuja kungesemwa, akakaa nyuma na mkewe. Zikaimbwa nyimbo kadhaa, kisha Bi Somoe akainua mkono, ngoma zikapungua.

"Mpange mwanangu," aliita, "ingia. Sauti yako inafaa."

Watu wakapiga makofi kabla hata hajainuka. Mpange alisimama. Akaja mpaka katikati ya uwanja, mahali alipopaota mwaka mzima, akasimama mbele ya yule mama, mikono imelegea.

"Inafaa nini?" aliuliza.

Aliuliza kwa sauti ndogo, na bado kila mtu alisikia. Makofi yalikufa. Bi Somoe akacheka kidogo, kicheko cha kumsaidia.

"Inafaa tu, mwanangu. Imba, watu wanakungoja."

"Nimeambiwa inafaa na mke wangu. Nimeambiwa na Ngwele, na wote waliokaa hapa. Wewe ndiye manju wetu, na wewe sikupata kukuuliza. Nakuuliza leo, mama. Inafaa nini?"

Mpiga ngoma aliushika wambo, ile ngozi ya ngoma yake, kwa kiganja ili usitoe hata mlio. Ngwele alikuwa akitazama vidole vya miguu yake. Bi Somoe alimtazama Mpange kwa muda, na uso wake wa kiongozi ukamtoka, ukabaki uso wa mwanamke mzee.

"Inafaa kufukuza ndege," alisema. "Kwa ngoma haifai. Tulipanga tukuitikie ili tusikuaibishe."

"Ahsante, mama," alisema Mpange. "Hilo ndilo nililokuwa nikiuliza."

Akawageukia watu waliokaa.

"Ningejibiwa mapema, ningekaa kwangu nikaamia shamba langu. Sauti yangu ilinitosha kwa hilo. Watoto wangu wangekula."

Hakuongeza neno. Akamwendea Havijawa, wakaondoka pamoja, na watu wakawafungulia njia pana kuliko waliyohitaji.

Bi Somoe alijaribu kuendeleza ngoma. Akaanzisha wimbo anaoujua kila mtoto wa kijiji, wimbo wa kwanza mtu anaofundishwa. Hakuna aliyeitikia. Si kwamba walimsusia, bali kila mtu alipofungua mdomo alikuta hauna kitu. Na desturi ni desturi, hata kwa manju. Bi Somoe akaumaliza wimbo ule peke yake, beti zote, machozi yakimtiririka, kisha akatoka uwanjani.

Asubuhi yake watu walileta mpunga mlangoni kwa Mpange. Walikuja mmoja mmoja, wakaweka, wakaondoka bila kubisha hodi. Mpange aliupokea, maana watoto walikuwa na njaa. Lakini msidhani mambo yalikwisha siku hiyo. Wazee wangu walisema ilipita miaka Ngwele asiweze kukaa naye jamvi moja. Majira yaliyofuata, aliyemtaka dunguni kwake alilazimika kutamka wazi, "Mpange, njoo uniamie ndege," naye Mpange, akishaona shamba lake mwenyewe liko salama, alikwenda. Uwanjani hakuingia tena maisha yake yote. Na mtu yeyote wa Lugongwe aliyemsifu mwenzake, hata kwa kitu kidogo, aliulizwa hapo hapo: wafaa nini?

Unanitazama nini, Yusra? Sema.

"Bibi, nikimuuliza mwalimu, je, akinijibu kuwa ananitaka nipange viti na kupokea wageni?"

Basi utakuwa umejibiwa, mjukuu wangu, na utalia hapa, mapajani pangu, mbele yetu sisi watano. Mpange alijibiwa mbele ya kijiji kizima, na shamba lilikuwa limekwisha kuliwa. Ukiambiwa wafaa, uliza wafaa nini. Vaa viatu uende, mwalimu wako bado hajaondoka.