Kirukia cha Mlimau

Sogeeni, wanangu. Leo nimechoka, basi sikilizeni vizuri nisirudie.

Alikuwako mwanamke, Mwanahija, aliyemuuguza mumewe. Mume alilala kitandani, yeye akalima, akapika, akachota maji. Mganga akamwambia, "Chuma kirukia, ule mmea unaoota juu ya mti mwingine na kuunyonya. Lakini omba ruhusa kwanza."

Mwanahija akaenda kwenye mlimau wake, akakiomba kirukia ruhusa. Akachuma, akachemsha, mume hakupona. Akarudi, akakiomba tena, mume hakupona. Mara ya tatu hakuwa na nguvu hata ya kuomba. Akaegemea shina, akasema, "Pole, mlimau. Nawe umebeba mzigo."

Mlimau ukaguna. "Wote hukiomba kirukia. Anayekilisha ni mimi, na hakuna anayeniuliza. Kata chote, dada, unipumzishe."

"Nikikata chote, akiugua tena nitampa nini?"

"Hilo sijui. Mimi nimechoka."

Mwanahija akawaza kidogo, kisha akakata chote, akachemsha. Mume akanywa, akainuka, akajinyoosha, akala sahani mbili za ugali. Halafu akajilaza tena palepale.

"Mwanahija, niletee maji ya kuoga."

Mwanahija alikuwa ameketi kizingitini, kisu chenye utomvu kikiwa bado mkononi.

"Umepona, mume wangu," akasema taratibu. "Kisima unakijua."

Mwaka ule mlimau ulizaa mpaka matawi yakainama. Nami nimefika mwisho. Mwenye kiu akachote.