Vikombe vya Uji vya Semeni

Hapo zamani, katika mji ambamo mtoto aliyekosa alitozwa faini kama mtu mzima, msichana aitwaye Semeni alirusha jiwe apate pera. Jiwe likalikosa pera, likavunja dirisha la mahakama. Alikuwa na miaka kumi na miwili.

Hakimu akamtoza faini, akaamuru akae mahabusu mpaka ilipwe. Na mle mahabusu hata uji ulikuwa na bei. Asubuhi kikombe, jioni kikombe, na kwa kila kikombe karani alichora mstari wa chaki ukutani.

Mama yake, Bi Mkasi, akauza cherehani, akalipa faini. Akaambiwa, bado uji. Dada yake, Chausiku, akatoa ada yake ya shule, akalipa uji. Akaambiwa, tangu jana imeongezeka mistari miwili.

Semeni alimsikia dada yake akilia mlangoni. Kuanzia hapo akakataa uji. Asubuhi akakataa, jioni akakataa. Siku ya pili hakuweza kusimama.

Karani, jina lake Makame, akamsogezea kikombe. "Kunywa, mwanangu. Sichori."

Semeni akanywa, na Makame hakuchora. Akanywa tena, hakuchora. Siku ya nne mkubwa wake akahesabu vikombe, akahesabu mistari, akamfukuza kazi na kuuzuia mshahara wake wa mwezi. Makame akaenda mbele ya hakimu, akaeleza kwamba mtoto alikuwa anajinyima chakula ili deni lisikue.

Kesho yake hakimu akafuta faini na ada zote za watoto, Semeni akaachiwa. Lakini fedha nyingi zilizokusanywa zilikuwa zimeshatumika. Zilizobaki zilitosha kumrudishia mtu mmoja tu: mama, dada au Makame.

"Deni lilikuwa lako, Semeni," hakimu akasema. "Mtaje mmoja kabla sijafunga ofisi."

Bi Mkasi alisema hadai kwa ajili yake mwenyewe. Ila bila cherehani, kesho watakula nini?

Chausiku alisema leo ndiyo siku ya mwisho ya kuandikishwa shuleni. "Mama anaweza kufua nguo za watu. Mimi nikikosa leo, nimekosa. Na jiwe sikurusha mimi."

"Chausiku," mama yake akamwonya.

"Si kweli, mama?"

Makame alisema wa mwisho. Alikuwa na watoto watatu, na mwenye nyumba alikuwa ameshamgongea mara mbili kudai kodi. "Nyinyi mlimlipia ndugu yenu," akasema polepole. "Mimi simjui hata baba yake."

Semeni akamtazama mama, akamtazama dada, akamtazama Makame, ambaye vidole vyake havikuwa tena na chaki. Hakimu alikuwa ameshatoa ufunguo mfukoni.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza, mwambieni mtoto upesi. Je, nani alistahili kutajwa?