Faki Mdoe na Mtungi wa Tatu

Hapo zamani, watu walipokuwa wakichagua wakubwa wao kwa kokoto, kila mtu akitia yake katika mtungi wa amtakaye, palikuwa na mji uitwao Tundwani, na msimamizi wa visima katika mji huo hakutoka ila katika nyumba mbili: ama ya Mzee Badi, ama ya Mzee Ngwali. Akitoka huyu anaingia yule, na visima vya maskini vikawa vimejaa tope vilevile.

Basi fukara mmoja, Faki Mdoe, aliyekuwa akiteremka visimani kuzoa tope hilo kwa ujira wa mlo mmoja, akataka kuweka mtungi wake kando ya mitungi ile miwili. Akaenda kwa Bi Mshenga, muuza vitumbua, kumwomba kokoto yake.

"Mwanangu Faki," akasema yule bibi, "nakutaka wewe. Lakini nikikupa wewe, Badi atapita, na Badi simtaki hata kwa dawa. Nitampa Ngwali."

"Kwani Ngwali unamtaka?"

"Simtaki!"

Kwenye mlango wa pili akajibiwa vivyo hivyo, ila majina yamegeuzwa. Faki akanyong'onyea, maana aliona mji mzima unamtaka na hatapata hata kokoto kumi. Akaenda kwa Sultani kuomba ruhusa.

Sultani akacheka mpaka kilemba kikamlegea. "Weka mtungi wako, mzoa tope. Lakini sitamtangaza mshindi mpaka kila mtu awe na kokoto moja ndani ya mtungi, isizidi wala isipungue. Nawe ukishindwa, utazoa zizi la farasi wangu maisha yako yote."

"Nimeridhia, Maulana. Nami naomba jambo moja: mtungi utakaokuwa na kokoto chache kuliko yote uvunjwe hadharani."

"Na uvunjwe!" akasema Sultani, akidhani mtu huyu anajitafutia aibu mwenyewe.

Faki akarudi mbio kwa Bi Mshenga. "Mama, nipe mimi kwanza. Nikiwa wa mwisho, mtungi wangu utavunjwa, nawe utaokota kokoto yako umpelekee Ngwali. Hujapoteza kitu." Neno hilo likapita mitaani.

Siku ilipofika wakahesabu, na ikawa Badi yuko mbele, Faki anamfuatia, Ngwali wa mwisho. Mtungi wa Ngwali ukavunjwa, kokoto zikatapakaa.

"Badi ameshinda!" akasema Sultani.

"Maulana," akasema Faki, "ulisema kila mtu awe na kokoto moja ndani ya mtungi. Hizi zimo mtungini?"

Sultani akatazama chini. Neno lake mji mzima ulikuwa umelisikia. "Waziokote," akasema.

Watu wa Ngwali wakaokota, na kwa kuwa chuki yao kwa Badi waliirithi kwa babu zao, hakuna aliyeukaribia mtungi wake. Hata Ngwali mwenyewe akamtazama Badi kwa jicho la pembeni, akaitia yake kwa Faki.

Sultani akacheka, akavua joho lake akamvika mshindi. "Umenipata, mzoa tope. Leo visima; kesho si utakitaka kiti changu?"

"Hasha, Maulana," akasema Faki, akainama. "Kiti chako hakina mtungi."

Sultani akacheka tena, safari hii peke yake, akaingia ndani. Na tangu siku ile, kila asikiapo chombo kikivunjika jikoni, huuliza ni cha nani.