Uzinduzi wa Nyumba Inayoelea

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa na nini?
— Na bwawa!
La nani?
— La Kiboko, kasema mwenyewe!

Haya, kaeni vizuri. Kiangazi kile maji yalikauka kote, likabaki bwawa moja tu, na Kiboko akajibwaga ndani, bwaa!

Swala akaja: "Mkubwa, naomba maji."
"Kesho!"
Nguchiro akaja: "Mkubwa, naomba maji."
"Kesho!"
Digidigi akaja na mwanawe, ulimi wa mtoto umekauka. "Mkubwa, walau huyu."
"Nimesema kesho!"

Mimi mnyama huyu simpendi, na wala sifichi.

Kwenye kisiki cha jirani aliishi Mama Buibui, fundi wa nyuzi. Akafuma siku saba, chwi, chwi, chwi, akapata mfuko wa vyumba saba, akaufunga kisikini kwa uzi mmoja. Jua likapasha moto hewa ya ndani, mfuko ukainuka wenyewe, fyuuu! Ukaelea.

Wanyama wakaja kushangaa.
"Mama Buibui, hii ni nyumba?"
"Ni nyumba."
"Ni sanaa?"
"Ni sanaa."
"Ni sayansi?"
"Na sayansi pia."
"Inakula nini?"
"Jua tu."

Kiboko akatoa kichwa majini. "Yangu hiyo!"

"Yako, Mkubwa," akasema Mama Buibui. "Ila kiongozi anayekaa juu hakai tena kwenye tope. Bwawa waachie hawa. Na utaizindua wewe mwenyewe, mgeni rasmi, ukiwa mkavu kabisa. Nyuzi zangu hazitaki maji."

Mgeni rasmi! Kiboko akavimba kichwa. "Bwawa? Chukueni! Wote mashahidi." Akatoka, akaketi mbele, juani.

Hapo akasimama Kobe, mshereheshaji. Akatambua uwepo wa Kiboko. Akatambua uwepo wa marehemu babu yake Kiboko. Akatambua wageni wote, kuanzia Tembo na dada zake hadi siafu, mmoja mmoja, kwa majina. Ngozi ya Kiboko ikaanza kupasuka, ta, ta, ta.

"Fupisha, Kobe!"
"Itifaki, Mkubwa. Nimebakiza siafu mia nne."

Na mgeni rasmi, mnajua wenyewe, haondoki kabla ya kukata utepe. Watu watasemaje?

Saa sita jua likafika utosini. Nyumba ikavuta, ikavuta. Mama Buibui akaingia ndani, akaukata uzi mwenyewe. Fyuuu! Ikapanda, ikawa nukta, ikapotea.

Kiboko akakimbilia bwawani, ngozi inawaka moto. Ukingoni wamesimama Tembo na dada zake, bega kwa bega. Mbele yao Digidigi, na mwanawe kashiba maji.

"Mdogo wangu," Kiboko akalia, "naomba maji."

Digidigi akamtazama. Akamtazama mwanawe.

"Kesho."

Hadithi yangu imekatika uzi, inaelea hapo juu. Mwenye mkono mrefu aidake. Na funzo lake, wanangu, ni hili: waheshimuni wakubwa, na hotuba zisikilizeni mpaka mwisho. Ila ninyi kaeni kivulini.