Mate ya Ipiak

Anayetafuna ameze, hadithi imefika.

Katika msitu wa Amazoni, wanawake hutafuna muhogo uliochemshwa na kuutema chunguni, mate yao yakauchachusha ukawa pombe. Mzimu hufanana na mtu kwa kila kitu, ila mate hana.

Jioni moja Ipiak alirudi kutoka shambani, akakaa na wenzake kutafuna. Wifi yake akatema: unga mkavu. Jirani akatema: unga mkavu. Ipiak akamsogelea mama yake, akamnong'oneza, "Mama, hawa si watu."

"Tafuna, mwanangu," mama akasema, akatema. Unga mkavu.

Kwa woga tonge likamtoka Ipiak mdomoni, limelowa chepechepe. Vinywa vyote vikaacha kutafuna.

"Mwanangu," mama akauliza, "hayo mate umeyatoa wapi?"

Nanyi mnaonisikiliza, hebu temeni tuone.