Pimbi na Askari Waliojibu "Ni Sisi!"

Ngano yangu iko mlangoni!
— Ifungulie!
Ina mkia!
— Tuushike!
Ina meno!
— Tutakaa mbali!

Basi kaeni mbali, ila msikie.

Hapo kale Mfalme Tembo alitunga sheria, akaipenda sana kwa sababu aliitunga mwenyewe. Sheria ilisema: "Kila mnyama yuko huru kusema atakalo, isipokuwa neno baya juu ya askari. Atakayelisema, awe nani awe nani, atakaa shimoni mpaka masika mawili yapite." Wanyama wakapiga makofi. Wengine walipiga makofi kabla ya kusikia sehemu ya pili.

Jemadari wa askari alikuwa Fisi. Alivuka mto na askari wake kwenda kupigana na Mamba, wakakaa ng'ambo miezi mitatu. Mamba hawakuonekana. Askari wakarudi wamenenepa.

Ng'ambo hiyo, kwenye mawe, walikuwa wakiishi Shomvi na Kitwana, kaka zake Pimbi. Pimbi, kwa asiyemjua, ni mnyama mdogo kama sungura, masikio mafupi, mkia hana. (Mkia niliousema mlangoni ni wa ngano, si wake.) Ila ana sauti ya kupasua mawe. Akamwendea Fisi.

"Shikamoo, Jemadari. Kaka zangu mliwaona?"

"Marahaba. Tuliwaona. Wamehama."

"Wamehamia wapi?"

"Mbali," akasema Fisi, akajilamba.

Mama yake Pimbi aliamini. Kila jioni alibakisha majani ya watu wawili. Kila asubuhi aliyakuta yamenyauka, akayatupa, na jioni akabakisha mengine. Kuwalilia hakuweza, maana aliyehama hakaliwi matanga.

Ikafika siku ya gwaride la kuwakaribisha askari. Desturi ilikuwa hivi: mpiga mbiu anauliza, "Nani walifanya jambo fulani?" Askari wanajibu, "Ni sisi!" Na kwa kila jibu, Mfalme anawarushia paja la nyama. Mpiga mbiu alikuwa Kanga. Siku hiyo Kanga akapanda jiwe, akatazama vile vitambi, akashindwa kuuliza.

"Wauaji!" akapiga kelele. "Kekeke! Wauaji! Keke—"

Alimalizia shimoni.

Gwaride likaahirishwa siku tatu, kwa kukosa mpiga mbiu. Pimbi akaenda ukingoni mwa shimo, akainama.

"Dada Kanga, pole. Ulikosea wapi?"

"Sikukosea. Nilisema kweli."

"Ndipo ulipokosea. Ungewaachia wenyewe waiseme."

"Wenyewe? Wana wazimu?"

"Wana njaa," akasema Pimbi, akaenda zake kwa Fisi.

"Jemadari, mimi nina sauti."

"Maswali unayo?"

"Kanga alikuwa nayo manne. Mimi ninayo sita."

"Mapaja sita!" Mate yakamdondoka Fisi, to, to, to. Akawageukia askari wake. "Akiuliza, jibuni. Msifikiri. Kufikiri kunachelewesha nyama."

Siku ya tatu wanyama wote wakajipanga. Askari wakaingia, kwata, kwata, kwata. Wengi husema walikuwa mia moja. Walikuwa tisini na wanane, wawili walikuwa wamevimbiwa.

Pimbi akapanda jiwe.

"Nani walivuka mto?"

"Ni sisi!"

Pwaa! Paja.

"Nani walilala porini miezi mitatu?"

"Ni sisi!"

Pwaa!

"Nani hawakumwogopa Mamba hata mmoja?"

"Ni sisi!"

Pwaa! Wanyama wakashangilia. Fisi akacheka, hii-hii, mdomo umejaa.

"Nani walipanda mawe ya ng'ambo?"

"Ni sisi!"

Pwaa!

"Nani waliwakuta Shomvi na Kitwana wakiota jua?"

"Ni sisi!"

Pwaa!

"Nani waliwatafuna?"

"NI SISI!"

Hili ndilo walilolijibu kwa sauti kubwa kuliko yote, kwa kuwa lilikuwa la mwisho.

Paja la sita likabaki hewani, kwenye mkonga wa Mfalme. Nyuma ya umati, mama yake Pimbi alikaa chini polepole.

Fisi akameza. "Mfalme! Huyu ametutukana!"

"Mfalme wangu," akasema Pimbi, "nimeuliza tu. Neno baya nimelisema lipi?"

Mfalme Tembo akaiwaza sheria yake, mwanzo hadi mwisho, kisha tena.

"Neno baya juu ya askari limesemwa," akasema. "Nimelisikia. Limesemwa na askari."

"Lakini sisi ni askari!" akalia Fisi.

"Sheria inasema awe nani awe nani. Niliiandika hivyo kwa sababu inapendeza masikioni."

Shimo lilikuwa la mtu mmoja. Ikabidi Kanga atolewe ili kupata nafasi. Hakuna aliyesema kwamba Kanga hakuwa na kosa. Alitolewa kwa sababu ya nafasi. Askari wakasindiliwa, Fisi juu kabisa.

Jioni ile mama yake Pimbi hakubakisha majani. Alikaa matanga siku saba, na wanyama wakaja kumpa pole, mchana kweupe, kwa sauti.

Asubuhi ya siku ya nane Mfalme aliongeza mstari kwenye sheria: kila mnyama yuko huru kusema atakalo, isipokuwa neno baya juu ya askari, na isipokuwa maswali. Wanyama wakapiga makofi. Safari hii walisubiri hadi mwisho.

Ngano hii inatufunza tuwaheshimu askari, na tuamini kila neno litokalo vinywani mwao.

Ngano yangu imetoka, mlango naufunga. Nani walikuwa wakinisikiliza?

Msijibu.