Cherehani Moja, Wenye Haki Watatu

Kaeni, lakini msijitandaze sana, maana neno hili mimi mwenyewe linanikosesha raha hata ya kukaa. Nina watu watatu wa kuwaonyesha. Mkishawasikiliza, mmoja mtampa kitu na wawili mtawanyima. Msije mkasema sikuwaambia mapema.

Wa kwanza ni Chausiku, muuza machungwa kando ya barabara kuu. Hajui herufi hata moja, lakini kitu akikitazama mara moja tu, kimekaa. Ukivaa kitenge atakukumbusha mara ya mwisho ulikivaa kwenye arusi ya nani, upende usipende.

Wa pili ni Mzee Shemweta, tarishi mstaafu, na kipaji chake ni kusubiri. Msicheke. Wangapi kati yenu mnaweza kukaa kwenye benchi la ofisi kutwa nzima bila kumtukana mtu?

Wa tatu ni Namsifu. Anauza mitumba, na pia ni msaidizi wa kisheria wa kata yetu, kazi ya kujitolea isiyo na mshahara. Kipaji chake kiko masikioni. Ukisema neno, anasikia ulichosema, halafu anasikia na jinsi asiyekupenda atakavyoligeuza.

Haya. Mdogo wangu Zahabu ni fundi wa nguo. Alikuwa akishonea cherehani ya mguu tuliyoachiwa na marehemu mama, ile ya chuma, nzito, haijui kuharibika. Asubuhi moja alikuwa anatembea na furushi lake la vitambaa pembeni kabisa mwa barabara, kwenye majani. Lori la mkonge likamfuata hukohuko kwenye majani, likamvunja mguu wa kulia, likaenda zake. Halikupunguza hata mwendo. Daktari akasema bila upasuaji wa pili mguu utaunga vibaya, atakuwa mtu wa kukokotwa. Na hata akipasuliwa, kukanyaga ile pedeli ya chuma asahau. Sasa upasuaji unataka fedha, na fedha ilitakiwa itoke kwa mwenye lori na bima yake. Lori gani? Barabara yetu malori ya mkonge yanapita kutwa, na yote rangi yake ni vumbi.

Zahabu alikuwa kitandani, maumivu yamempanda na hasira juu. Akasema mbele ya wodi nzima: "Naweka nadhiri. Atakayenipatia haki yangu, cherehani ya mama ni yake."

Nilimwambia autunze ulimi wake. Akanijibu kwamba cherehani ya nini tena kwake, na mguu wa kukanyagia hana. Basi, neno likishatoka limetoka, na wodini kila mtu ana masikio.

Twende kwa Chausiku. Lori lilipomgonga Zahabu, wauzaji wenzake walimkimbilia majeruhi, kama ilivyo ada, na yeye akabaki amelikazia macho lori linavyokwenda. Halafu akachukua mkaa na kuchora kwenye ubao wa meza yake zile alama za kibao cha namba, moja baada ya nyingine, kama zilivyokaa. Hakujua zinasema nini. Alichora mpaka kona moja ya kibao iliyokuwa imepinda. Askari wa usalama barabarani alipofika aliusoma ule ubao kama anasoma daftari, na siku ya tatu lori likakutwa gereji, linabadilishwa taa.

Sasa Mzee Shemweta. Kesi ilihitaji ile fomu ya polisi ambayo daktari anaandika majeraha, na fomu ikawa haionekani kituoni. Njoo kesho. Njoo keshokutwa. Mimi nilikwenda mara mbili, ya tatu nikataka kupigana. Mzee Shemweta, ambaye si ndugu yetu kwa baba wala kwa mama, ni jirani tu, akasema niachie mimi. Akawa anafika asubuhi, anawaamkia wote, anakaa. Akiulizwa shida yake anasema anaisubiri fomu ya Zahabu. Alikaa siku kumi na tisa. Siku ya ishirini askari mmoja, nadhani alichoka kumtazama, akalipekua kabati lote, na fomu ikaonekana imelala ndani ya faili la wizi wa mbuzi. Ningekuwa mimi ningepiga kelele. Yeye alishukuru, akaaga, akaileta.

Tukaenda mahakamani tumejaa matumaini, na huko ndiko tulikokutana na neno. Zahabu alipokuwa amelazwa, afisa wa bima alikuja kumwona na juisi mkononi. Akampa pole. Zahabu, mtoto aliyefunzwa akafunzika, akamjibu kama ambavyo mimi na wewe tungejibu: nimeshapoa, baba. Yule bwana akatoa karatasi, akaandika kwamba majeruhi amekiri kwa kinywa chake kuwa ameshapoa, akamwomba aweke saini kuonyesha tu kwamba alitembelewa. Akasaini! Tena akashukuru kwa juisi.

Karatasi ile ikasomwa mbele ya hakimu. Wakili wa bima akauliza kwa upole kabisa, mtu aliyekwisha kupoa anadai fidia ya nini? Nikamwona hakimu anaandika. Zahabu hakuwa na wakili, alisimamia kesi yake mwenyewe. Namsifu haruhusiwi kusema mahakamani, kwa hiyo alikaa benchi la nyuma ya Zahabu. Lakini alikuwa amemwona yule afisa wa bima, aliyeletwa kama shahidi, ameshika shavu tangu asubuhi, jino linamtesa. Zamu ya Zahabu ya kumhoji ilipofika, Namsifu akainama akamnong'oneza kwamba ampe pole ya jino, asiseme zaidi.

Zahabu akasimama na magongo yake. "Pole na jino, baba."

Yule bwana, shavu limevimba hivi, akajibu haraka, "Nimeshapoa, mama."

Watu wakaangua kicheko, karani naye, na hakimu akainamia daftari lake. Zahabu akauliza kama jino limepona. Jamaa akamgeukia wakili wake. Hakimu akamtaka ajibu, naye akasema halijapona, ni adabu tu ya kuitikia. Basi ile karatasi ikafia palepale.

Zahabu akashinda. Upasuaji ukafanyika, mguu ukaunga vizuri, na fedha iliyobaki ikatosha cherehani ya umeme ambayo unaigusa kidogo tu kwa mguu wa kushoto. Mnadhani tulipiga vigelegele tukapumzika? Wapi!

Chausiku akaja wa kwanza. Binti yake amemaliza mafunzo ya ushonaji na anakaa bure kwa kukosa chombo. Akasema bila mkaa wake tungelishtaki vumbi. Mzee Shemweta akaja na mkewe, ambaye aliuza cherehani yake mwaka aliougua. Akasema kwa adabu zake zote kwamba lori bila fomu ni lori tu, na kwamba wenzake walitoa dakika, yeye ametoa siku. Namsifu naye anataka cherehani ya kurekebishia mitumba. Akasema lori tulikuwa nalo, fomu tulikuwa nayo, na bado kesi ilikuwa inakata roho mbele ya macho yetu.

Chausiku akamrukia: "Kwa maneno matatu ya kunong'ona?"

"Na wewe kwa kipande cha mkaa?"

Tangu siku hiyo hawasalimiani. Nimesema tuiuze, wao watatu wagawane fedha. Zahabu akakataa, nadhiri ilitaja cherehani, haikutaja bei, na alisema atakayenipatia, hakusema watakaonipatia. Sheikh tulipomuuliza akasema itimizwe. Kwa nani? Akasema hilo mwenye nadhiri ajitafutie.

Na mwenye nadhiri hashoni. Hilo ndilo linaloniuma. Mtu aliyepigania mguu wake ili arudi kazini amekaa kwenye kiti, cherehani mpya imefunikwa kanga, vitambaa vya watu vya Idi vimejaa mpaka kitandani, na Idi ndiyo hii inaingia. Anasema hatatia sindano kwenye nguo ya mtu na nadhiri iko shingoni mwake. Wateja wawili wameshachukua vitambaa vyao. Jana kaniambia, "Dada, taja jina wewe. Utakayemtaja ndiye."

Mimi! Jana jioni nilimpa Chausiku moyoni mwangu. Leo asubuhi nikamwona Mzee Shemweta anapanda kilima na miguu yake ile, nikamnyang'anya Chausiku. Namsifu akanipungia mkono sokoni, nikashindwa hata kumwangalia. Nikimpa mmoja, wawili wema nimewadhulumu. Nisipompa yeyote, mdogo wangu anakufa njaa na mguu mzima.

Nimewaambia wote watatu waje baada ya alasiri, na adhana imeshaadhiniwa. Yule si Chausiku anayekata kona? Basi semeni, na mseme upesi, nyinyi msiokuwa na jirani wa kumkosea. Cherehani naikabidhi kwa nani?